Mbuzi Ana Rangi Ngapi?

Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia vya Lodwar na Kakuma, juu ya kufundisha watoto kuchora wanyama kwa penseli za rangi

Tunawashukuru kwa kufika, hasa ninyi mliotoka Kakuma, maana safari ya kilomita zaidi ya 100 katika jua hili si mchezo.

Tumezoea kukutana hapa kuzungumza juu ya visima, mikopo, chanjo ya mbuzi na kliniki ya watoto. Leo tumeleta jambo ambalo wengine wataliona dogo. Tumeleta penseli za rangi. Na tunajua swali mlilo nalo, kwa sababu mama mmoja alituuliza waziwazi kabla ya kuingia: "Watu wana njaa, nanyi mnatuletea penseli?" Ni swali la haki. Hatutalikwepa. Lakini kwanza tuzungumze kidogo juu ya mbuzi.

RANGI NI ELIMU YA MFUGAJI

Tuseme mbuzi wako amepotea jioni. Unakutana na kijana njiani unamwuliza, "Umeona mbuzi wangu?" Atakuuliza nini? Hatauliza uzito wala bei. Atauliza rangi. Na ukimwambia "mweusi" tu, atacheka, kwa maana mbuzi weusi ni wengi. Mweusi namna gani? Ana doa jeupe wapi? Masikio je? Pembe zimeelekea wapi? Miguu ina soksi?

Kiturkana kina maneno mengi kwa kazi hiyo. Kuna kwang, yaani mweupe. Kuna meri, mwenye madoadoa kama chui. Kuna kori, mwenye mabaka makubwa kama twiga. Kuna pus, ile rangi ya kijivu inayoelekea buluu. Mchungaji anayajua maneno haya kabla ya kujua a, e, i, o, u. Na maneno haya yamekaa hata katika majina ya watu: Lokwang, Lomeri, Lopus. Wazee mliopo hapa wengi mnaitwa kwa rangi ya emong, yule maksai wako uliyempenda, ukamtengeneza pembe, ukamwimbia.

Hata Biblia inalijua jambo hili. Someni Mwanzo sura ya 30. Yakobo alipofanya mapatano na Labani juu ya mshahara wake, hawakuandikiana karatasi. Walipatana kwa rangi: wenye madoadoa na mabaka watakuwa wa Yakobo. Rangi ya ngozi ndiyo iliyokuwa mkataba.

Basi mtu asituambie kwamba rangi ni mchezo wa watoto. Kwa mfugaji, rangi ni daftari.

NI NINI KIMEBADILIKA

Mnajua wenyewe mambo yaliyotupata. Kuanzia mwisho wa mwaka wa 2020 hadi mwisho wa 2022, misimu mitano ya mvua ilipita mfululizo bila mvua ya kutosha. Katika kaunti kavu za Kenya walikufa mifugo zaidi ya milioni mbili. Familia nyingi zilizobaki bila kitu zilisogea karibu na barabara na miji. Watoto wao sasa wanakua kando ya Lodwar na Kakuma, wakiuza makaa, wakichota maji, wengine wakienda shule. Ni vizuri kwamba wanaenda shule. Lakini wengi hawachungi tena, kwa maana hakuna cha kuchunga.

Tumewapa watoto kama hao karatasi tukawaambia wachore ng'ombe. Mnajua walichora nini? Ng'ombe mnene mweusi na mweupe, asiye na nundu, ana kiwele kikubwa kama ndoo, amesimama kwenye majani mabichi. Huyo ni ng'ombe wa kitabu, ng'ombe wa maziwa wa nyanda za juu. Hawakumchora kwa kumwona, walimnakili. Na mbuzi walimchora kahawia mwili mzima, kama sanduku lenye miguu minne.

Si kosa la watoto. Mtoto huchora alichoonyeshwa. Akionyeshwa ukurasa, atachora ukurasa. Bali tukinyamaza, yale maneno ya rangi tuliyoyataja yatabaki kwa wazee, na wazee wataondoka nayo. Siku familia itakapopata mbuzi tena, mtoto hatajua kumtofautisha wa kwao na wa jirani.

Mtaala mpya wa shule, ulioanza katika madarasa ya chini mwaka wa 2019, una somo la sanaa, na walimu wengi wanajitahidi. Lakini mwalimu mwenye watoto wengi katika darasa moja na pakiti chache za penseli hawezi kufanya kila kitu. Hapo ndipo kikundi kinapoweza kuingia.

NAMNA YA KUFUNDISHA

Hamhitaji kuwa wachoraji. Mnahitaji vitu vinne: mnyama, kivuli cha mti, penseli, na mzee anayejua wanyama. Tutaeleza hatua kwa hatua.

Kwanza, leteni mnyama mwenyewe. Mfungeni mbuzi mmoja chini ya mti, mpeni majani ale ili atulie. Watoto wakae upande mmoja, hatua tano au sita kutoka kwake. Kabla ya kugusa penseli, watazame tu, na mzee aulize maswali. Mkia umesimama au umeanguka? Mbuzi husimamisha mkia, kondoo huuangusha. Mboni ya jicho ni duara kama yetu? Hapana, ya mbuzi imelala kama mstari. Akiwa punda, ana mstari mweusi mabegani, na manyoya ya shingo yamesimama wima. Akiwa ngamia wetu, nundu ni moja, na tumbo hupanda juu likielekea miguu ya nyuma. Akiwa ng'ombe wetu, nundu iko juu ya mabega, si katikati ya mgongo.

Pili, wachore umbo kwa wepesi. Wachukue penseli ya rangi hafifu, kahawia isiyokolea au kijivu, waishike bila kukandamiza. Kiwiliwili ni kama gunia lililolala, shingo ni gogo lililoinama, kichwa ni kama kabari. Miguu ndiyo inayowashinda wengi. Waambieni watazame mguu wa nyuma wa mbuzi: ile kona inayochomoza nyuma si goti, ni kisigino. Goti liko juu, karibu na tumbo. Mtoto akielewa hilo, mbuzi wake ataacha kusimama kama meza.

Tatu, rangi ianze hafifu iende ikikolea. Kosa la kawaida ni kukandamiza penseli tangu mwanzo. Rangi iliyokandamizwa haifutiki vizuri kwa raba, na karatasi ikishajaa haishiki rangi nyingine. Basi apake kidogo, apake tena juu yake, mara tatu au nne. Na mistari ifuate manyoya yanavyolala: shingoni yanashuka, ubavuni yanaelekea nyuma, miguuni yanakwenda chini. Mtoto ampapase mbuzi kwa mkono, kisha penseli ifuate njia ile ile ya mkono.

Nne, wajue kwamba mbuzi mweusi si mweusi mtupu. Mtazameni saa tisa mchana. Mgongoni, jua linapopiga, anang'aa karibu na buluu. Penye nywele zilizochomwa na jua anaelekea kahawia. Tumboni ni giza kabisa. Basi mtoto aanze na buluu na kahawia, kisha nyeusi ije juu, na pale mgongoni aache paonekane wepesi. Mbuzi atapata mwili, si kivuli tu.

Tano, mbuzi mweupe. Watoto hutuuliza, "Tutamchoraje mweupe kwenye karatasi nyeupe?" Njia ni mbili. Ya kwanza, acheni karatasi iwe ndiyo weupe wake, mpake kivuli chepesi cha kijivu au buluu chini ya tumbo na nyuma ya miguu, na mchanga mwekundu nyuma yake. Njia ya pili ni karatasi ya kaki, ile ya mifuko ya unga na ya saruji iliyo safi ndani. Hapo ile penseli nyeupe ambayo kila mtoto huitupa kama haina kazi huwa ndiyo mfalme.

Sita, na hili ni kubwa: mzee asahihishe. Kila mtoto asimame aonyeshe picha yake na kutaja rangi ya mnyama kwa lugha ya nyumbani. Mzee aseme kama ni kweli. Tumeona mama ambaye hajawahi kukaa darasani akimwambia mtoto wa darasa la sita, "Huyu si meri. Madoa ya meri ni madogo. Ulichochora wewe ni kori." Na mtoto akachora upya. Siku hiyo mama alikuwa mwalimu, na mtoto wake alimwona hivyo. Jambo hilo peke yake linatosha kulipa gharama ya penseli.

KAKUMA: MAJINA YANAYOFANANA

Sasa tuwageukie hasa ndugu wa Kakuma. Kambi ilipofunguliwa mwaka wa 1992, wengi wa waliofika kwanza walikuwa vijana kutoka Sudan ya kusini, waliotembea kwa miguu kupitia Ethiopia. Wengi wao walikuwa Wadinka na Wanuer, yaani watu wa ng'ombe. Baadaye walikuja Wasomali, Wakongo, Warundi, Waethiopia na wengine, na mwaka wa 2016 wakaanza kukaa watu katika makazi ya Kalobeyei. Leo Kakuma na Kalobeyei pamoja zina watu zaidi ya 200,000.

Hatutaficha kwamba kati ya wenyeji na wakimbizi kuna maneno. Kuna maneno juu ya kuni, juu ya maji, juu ya kazi, juu ya mbuzi aliyepotea akaonekana kwenye sufuria. Mmekaa katika mikutano mingi ya amani, mmesikia hotuba nyingi. Sisi tunawaomba mjaribu na mbuzi mmoja na penseli kumi na mbili.

Sababu yetu ni hii. Mdinka naye humwita mtoto wake kwa rangi ya fahali. Mabior ni mweupe. Malual ni mwekundu wa kahawia. Majok ni mweusi na mweupe. Mketishe Lokwang karibu na Mabior chini ya mti mmoja, uwaambie kila mmoja achore jina lake. Wote wawili watachukua karatasi ya kaki na kugombania penseli nyeupe! Ndipo watakapojua kwamba jina lao ni moja. Hakuna aliyewahubiria. Wamejionea.

Mtoto wa Kisomali naye ataleta ngamia, na mara nyingi atawashinda wote, maana kwao ngamia ana majina kama kwenu mbuzi alivyo na majina. Wa Kongo au Burundi pengine atachora kuku na sungura wa nyumbani. Mwacheni. Kila mtoto achore mnyama anayemjua.

Na hapa tuna maonyo mawili. La kwanza: msimlazimishe mtoto kuchora vita, wala mizoga ya ukame, kwa sababu mgeni fulani angependa kuona. Mtoto akichora bunduki mwenyewe, msimkemee na msimsifu. Kaeni naye, msikilizeni, na mkiona ana mzigo mzito, mpelekeni kwa mhudumu aliyefundishwa kazi hiyo. Onyo la pili: picha ni mali ya aliyeichora. Isipigwe picha, isiuzwe wala kupelekwa mahali bila mtoto na mzazi wake kukubali.

DAFTARI LA PICHA LA KIKUNDI

Turudi sasa kwenye swali la mama. Penseli italeta chakula? Hapana, haiwezi kujaza sufuria, na hatutawadanganya. Mwaka wa 2025 mgao wa chakula kambini ulipunguzwa, na vijijini nako hali si nzuri. Pesa ya unga isiguswe kununua penseli. Lakini kuna kazi moja ambayo penseli hizi zinaweza kuwafanyia hata ninyi watu wazima.

Vikundi vyenu vingi vina mradi wa mbuzi wa kuzungushana. Mwanachama anapokea mbuzi jike, na mtoto wa kwanza jike anapewa mwanachama mwingine. Na wapi ugomvi huanzia? Tunajua sote. "Mbuzi niliyepewa si huyu." "Yule mtoto alikufa." "Huyu ni wa kwangu, si wa kikundi." Katibu ana daftari, lakini limeandikwa "mbuzi 1, kahawia," na wanachama wengi hawasomi. Wahenga walisema: mali bila daftari huisha bila habari.

Basi wapeni watoto kazi. Kila mbuzi wa kikundi apewe ukurasa wake. Achorwe upande wa kulia na upande wa kushoto, kwa maana mabaka ya pande mbili hayafanani. Kichwa kichorwe kikitazama mbele, pembe na masikio, na alama ya sikio ionekane wazi. Rangi iwe ile ile ya mnyama, si ile mtoto anayoipenda. Chini katibu aandike jina la rangi kwa Kiturkana au lugha ya mwenyewe, tarehe, na mwenye kumtunza aweke alama ya kidole gumba. Mtoto wa mbuzi akizaliwa, naye apate ukurasa, lakini achorwe tena baada ya miezi kadhaa kwa sababu rangi ya utotoni hubadilika.

Daftari hili linaweza kusomwa na kila mtu, aliyesoma na asiyesoma, Mturkana na Mdinka. Hatusemi litamaliza wizi. Tunasema kwamba siku ya ugomvi, wazee watakuwa na kitu cha kutazama mbele yao badala ya kupandishiana sauti.

Wala si jambo geni katika nchi hii. Huko Namoratunga, karibu na Lokori, kuna mawe ya makaburi ya kale yenye michoro iliyochongwa. Wataalamu waliolinganisha michoro ile waliona baadhi inafanana na alama za kuchomea mifugo. Basi watu walioishi hapa zamani sana, yaonekana nao walitaka alama ya mnyama isipotee.

MAMBO YA KUSHUGHULIKIA

Pakiti ndogo huwa na penseli 12. Watoto kumi wanaweza kutumia pakiti tatu wakikaa kwa makundi. Kikundi kichange kidogo kidogo, au tengeni sehemu ya faini za kuchelewa mkutanoni. Mkingoja wafadhili, watoto watakua mkingali mnangoja.

Penseli zisiachwe juani, kwa maana zina nta na hulainika. Zisiangushwe, kwa sababu kiini huvunjika ndani na kila ukichonga kinatoka kipande. Wembe wa kuchongea ushikwe na mtu mzima peke yake. Penseli ikibaki kipisi, ichomekwe kwenye ganda la kalamu ya biki iliyokwisha, itafanya kazi mpaka mwisho. Mtu mmoja achaguliwe kuzitunza, azihesabu zikitoka na zikirudi.

Siku nzuri ni Jumamosi, baada ya wanyama kunywa maji. Na tafadhali, wasichana wasiachwe nyumbani kubeba mitungi huku wavulana wakichora. Mnajua wenyewe ni nani wanaokamua mbuzi kila asubuhi. Msichana anamjua mbuzi kwa mkono wake, na macho yake huona mengi. Mtoto anayechunga ambaye hayuko shuleni naye aalikwe. Katika somo hili yeye ndiye atakayekuwa wa kwanza, na pengine ndiyo njia ya kumfanya apende kushika penseli hata kwa kuandika.

KABLA YA MKUTANO UJAO

Tunaomba kila kikundi kifanye mambo matatu. Moja, chagueni mzee mmoja mwanamume na mama mmoja wanaojua rangi za wanyama, muwaombe kwa heshima wawe walimu. Mbili, nunueni pakiti moja tu, mwanze na watoto wanne. Tatu, mchore mbuzi mmoja wa kikundi, mje na ukurasa wake. Tutazibandika zote ukutani, za Lodwar na za Kakuma, halafu tuone kama mwenye mbuzi ataweza kumtambua wake kabla hajaambiwa. Akimtambua, mtoto amefaulu. Asipomtambua, tutamrudisha mtoto kwa mbuzi akatazame tena.

Sasa maswali. Mama uliyetuuliza pale nje, karibu uwe wa kwanza.